Mshindi Kabla ya Kura
Kura ya maoni, yaani utaratibu wa kuwahoji watu wachache ili wasemee taifa zima, ilimpa Rais George H. W. Bush wa Marekani asilimia 89 ya kuridhiwa mwanzoni mwa 1991, Vita vya Ghuba vilipokwisha, na vigogo kadhaa wa chama cha Democratic wakaona heri wakae pembeni katika uchaguzi uliofuata kuliko kujitafutia aibu. Novemba 1992 mshindi huyo wa mapema aliambulia takriban asilimia 37 ya kura halisi, zile zinazohesabiwa. Kinyume chake, Rais Ronald Reagan, aliyeridhiwa na asilimia 35 tu Januari 1983, katika uchaguzi wa mwaka uliofuata alinyakua majimbo 49 kati ya 50. Pengine waliohojiwa walikuwa safarini siku ya uchaguzi.