Saba Kati ya Thelathini

"Saba kati ya thelathini! Hii imefeli, na wewe umeilipia?"

Siku tatu zimepita tangu mjomba atamke maneno hayo mbele ya kamati nzima ya harusi, na masikio yangu bado yana moto. Mjomba ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Mpaka leo kalamu nyekundu haimtoki mfukoni mwa shati, hata akishuka ziwani kununua dagaa. Tulikuwa sebuleni kwake, Kiriba, watu kumi na wawili na birika moja la chai. Mweka hazina alikuwa amefika kwenye jina langu, nami nilikuwa nimekwisha kueleza, kwa sauti ya mfiwa, kwamba hali ni ngumu na mchango wangu utafuata. Ndipo mpwa wangu wa darasa la nne akaingia na bahasha niliyoiacha chumbani, akauliza kwa adabu zote: "Anko, hii picha ya laki mbili na nusu niiweke wapi?" Risiti ilikuwa imebanwa juu.

Picha ikapita mkono kwa mkono. Mashetani watatu wa mtindo wa Kimakonde, masikio kama majani ya mgomba, wanacheka kwa meno yote. Chini kulia, saini ya msanii kwa penseli. Chini kushoto, kwa penseli hiyohiyo: 7/30. Mjomba akavaa miwani, akatoa hukumu.

Ningekaa kimya ingeishia hapo. Lakini mimi kwa chapa za bamba sina breki. Nikaanza.

Mjomba, nikasema, mchoraji hachori kwenye karatasi. Huchukua bamba la zinki au la shaba nyekundu, akalipaka nta yenye lami, ikishakauka akachora kwa sindano. Sindano haikati chuma. Inakwangua nta tu. Mwenye meno ni tindikali. Bamba likizamishwa humo, linaliwa pale palipokwanguliwa, kwingine nta inalilinda. Mstari wa kufifia huonjwa dakika chache. Unaotakiwa uwe mweusi kama kitako cha sufuria huachwa utafunwe sana. Kisha nta husafishwa, wino ukapakwa bamba zima, halafu ukafutwa: kwanza kwa shashi, mwisho kwa kiganja kitupu, mpaka ubaki ndani ya mifereji peke yake. Karatasi hulowanishwa ilainike, ikalazwa juu ya bamba, ikafunikwa blanketi, vyote vikapitishwa katikati ya magogo mawili ya chuma. Kwa mgandamizo ule karatasi huingia mferejini kuufuata wino. Ndiyo maana, pitisha kidole hapa mjomba, mstari umeinuka kama kovu. Na kila kitu hutoka kinyume: jina lililochorwa kwenye bamba likitakiwa lisomeke, sharti liandikwe limegeuka, kama linavyoonekana kwenye kioo.

Ikishatoka karatasi moja, wino unapakwa na kufutwa upya. Karatasi thelathini, kazi ni mara thelathini. Zikitimia, bamba hukwaruzwa lisizae tena. Hii ni ya saba. Si alama za mtihani!

Chai ilikuwa imepoa. Mjomba akatafakari kwa haki, kama anavyopima jibu la mwanafunzi mkaidi.

"Kwa hiyo ziko nyingine ishirini na tisa kama hii?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi umeuziwa fotokopi."

Kamati ilicheka mpaka mama mmoja akashika nguzo. Mweka hazina aliandika kitu kirefu mbele ya jina langu. Na nilikuwa na kisa kingine ulimini: mwaka 1974 maofisa wa forodha wa Ufaransa walisimamisha gari lililobeba karatasi tupu 40,000 zilizokwisha kusainiwa na mchoraji Salvador Dalí, zikisubiri picha ya kuja kuchapwa juu yake. Habari hiyo niliimeza. Mjomba angeipata, nisingetoka sebuleni nikiwa na jina.

Usiku kicheko kilinichachia. Ufundi huu haukuwa mgeni nchini. Mwaka 1972 mtawa wa Maryknoll, Sista Jean Pruitt, alianzisha Nyumba ya Sanaa Dar es Salaam, na hapo vijana wetu wakajifunza bamba na tindikali. George Lilanga aliingia pale kama mlinzi wa usiku. Kufikia 1978 kazi zake zilikuwa zinaonyeshwa Washington. Robino Ntila akawa bingwa wa chapa. Lakini wanunuzi wengi walikuwa wageni, na karatasi ni rahisi kusafiri: inalala chini ya sanduku, kati ya mashati mawili, imeondoka. Leo nikitaka kumwona Lilanga, nafungua minada ya Ulaya kwenye simu, bando linakata kabla shetani hajamaliza kushuka. Mtoto wa Kiriba anamaliza shule hajawahi kugusa chapa hata moja yenye penseli ya msanii, kisha tunamshangaa mjomba. Mjomba ana kosa gani? Maisha yake yote, namba iliyokatwa na mkwaju ilikuwa na maana moja: umefaulu au umefeli.

Mengine ni madogo. Fundi fremu wa mjini Musoma alitaka kupunguza karatasi "pale chini pachafu penye penseli", nilimdaka mkono. Shangazi amekataa kulala chumba kimoja na mashetani.

Leo asubuhi nimefungua bahasha. Mbele ya ile 7 kuna 2, ya penseli ya shule, imeinamishwa kwa uangalifu ifanane na mkono wa msanii. 27/30. Mpwa alisimama mlangoni akisubiri ahsante; aliniona nilivyoaibika Jumamosi, akaona anisaidie. Nikatafuta ufutio, nikijiambia penseli ni penseli, itatoka.

Ndipo nikaona kuwa mjomba ameshasahihisha. Pembeni ya ishirini na saba kuna vema kubwa, ya wino mwekundu.

Picha imefaulu. Mchango bado.