Matatu Moja, Vibao Viwili

"Mwalimu, kumbe maji yamefika shilingi hamsini na tatu?"

Hivyo ndivyo Mama wa kioski alivyonipokea Jumatatu moja asubuhi mwaka 2023, karatasi yangu mkononi mwake na foleni ya mitungi ya njano nyuma yake hadi mlangoni kwa kinyozi. Wenye mitungi walikuwa wameinua shingo. Kijijini Raila, Kibera, anayepandisha bei ya maji bila kuita mkutano hupewa muda mfupi sana wa kujieleza.

Nikaipokea karatasi, nikasoma. Kweli bwana: "Mashine itakata shilingi 53 kwa kila mtungi wa lita 20." Mstari wa chini yake ulisema kioski hufunguliwa saa 1112 alfajiri.

Acha nieleze kabla sijapigwa.

Kazi yangu ni kuandika maelekezo, yale makaratasi ambayo mtu huyatoa kwenye boksi, akayaweka kando, kisha akaharibu mashine. Mwenye kazi, ambaye ofisi yake iko mbali na mtaro wetu, alikuwa ameweka mashine mbili za maji za aina moja, moja Raila na nyingine Kawangware. Mashine ni pacha, ila malezi ndiyo tofauti. Yetu inataka kadi, ya Kawangware inataka ulipe kwa simu. Yetu ni shilingi 5, yao 3. Niliuliza kwa nini, nikaambiwa niandike tu. Yetu inafunguliwa saa 11, yao saa 12.

Mtu mwenye akili timamu angeandika karatasi mbili. Mimi nimesoma, kwa hiyo niliandika moja.

Mbinu yenyewe utaielewa ukisimama stendi. Matatu ni ile ile, viti ni vile vile, na kondakta ni yule yule anayekudai chenji yako mwenyewe. Kinachobadilika ni kibao cha kwenye kioo. Asubuhi kinasema 46, gari ni la Kawangware. Jioni dereva akiona foleni ya Kibera imenona, kibao cha 8 kinachomolewa chini ya kiti, na gari limeokoka. Waraka nao unaweza kuwa hivyo. Maneno ya wote yanakaa humo daima, ya Raila yanatiwa alama yake, ya Kawangware yanatiwa yake, na siku ya kuchapisha unaiamuru kompyuta ifiche upande mmoja. Kuna hata kanuni za kimataifa za kazi hii, zinaitwa DITA, zilizopitishwa na shirika la OASIS mwaka 2005. Hiyo D ya mwanzo ni ya Darwin, yule mzee wa mageuzi ya viumbe. Kwa kanuni hizo, kila kipande cha maneno hubandikwa jina la mwenyewe: ni cha msomaji gani, cha mtambo gani, cha bidhaa gani.

Msomaji wa kawaida hana taabu, yeye ataona kibao kimoja tu. Taabu iko kwa mkaguzi. Huyu lazima aone vyote viwili, ndipo ajue kama kuna kilichosahaulika. Basi unamletea gari lenye 46 na 8 kwenye kioo kimoja, halafu unashangaa akikuuliza linaenda wapi.

Alama zangu zilikuwa rangi, nyekundu kwa Raila na kijani kwa Kawangware. Kwenye kompyuta zilipendeza kama Krismasi. Nikazipeleka saiba zichapishwe kwa ajili ya wakaguzi wangu, Mama akiwa mmoja wao. Kijana wa saiba akauliza kama nataka rangi ama nyeusi. Rangi ilikuwa shilingi 30 kwa ukurasa, nyeusi 10. Nilipiga hesabu ya kurasa, nikapiga hesabu ya mfuko, mfuko ukashinda. Umaskini ni mkaguzi asiyealikwa, na maoni yake hayapingwi. Ile 5 nyekundu na ile 3 ya kijani zikaingia kwenye wino mweusi bega kwa bega, zikatoka zimeoana.

Mama alinisikiliza hadi mwisho, akawageukia wenye mitungi na kutangaza, "Ni yeye amekosea. Bei ni ile ile." Foleni ikashusha shingo. Mimi nikakopa mia nne, nikarudi saiba kuchapisha kwa rangi.

Nakala ya kwanza nikampelekea Mzee wa kijiji. Akavaa miwani, akafungua, akanyamaza muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Kijana, hii nyekundu ni ya nini?"

"Ni sisi, Mzee. Kila mahali penye nyekundu ni Raila."

Akavua miwani. "Tunabomolewa lini?"

Sikuwa nimefikiria hilo, nami nimezaliwa Nairobi. Katika mji huu rangi nyekundu ikitiwa kwenye makao ya mtu, haijaja kupamba. Jirani na reli na kando ya barabara, X nyekundu ukutani maana yake ni funga virago. Julai 2018 matingatinga yalipita Kibera kufungua njia ya barabara, nyumba na shule zikalala chini. Nami nimemletea mzee aliyeyashuhudia hayo kurasa tano, na kila jambo la kijiji chake nimelitia rangi ya tingatinga. Nilieleza kwamba ni nyekundu ya kompyuta. Akasema hata ile ya ukutani huanzia kwenye kompyuta ya mtu.

Kawangware nilikwenda kwa miguu, kwa sababu nauli ilikuwa imebaki saiba. Nikatoka hadi Ngong Road, nikaifuata mpaka Dagoretti Corner, nikashika Naivasha Road. Fundi wa mashine ya huko akasoma kwa makini, kisha akaniuliza kama wateja wake watahitaji kadi na simu kwa pamoja.

"Hapana, Fundi. Wewe soma ya kijani tu, ya nyekundu uiruke."

"Ya nyekundu ni ipi?"

Nikamwonyesha. Akainama, akainuka, akaitazama kwa upande. "Buda, hizi zote ni rangi moja."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Kuna watu ambao macho yao hayatenganishi nyekundu na kijani, na wengi wao ni wanaume, kwa kuwa kasoro hiyo husafiri kwenye kromosomu ya X, ambayo mwanamume anayo moja tu na hana akiba. Ndiyo maana miongozo ya W3C ya mwaka 2008 kuhusu kurasa za intaneti inakataza kutegemea rangi peke yake kubeba ujumbe. Miaka kumi na mitano ilikuwa imepita tangu waonye. Mimi nilipata habari hiyo Kawangware, kwa fundi wa mifereji.

Nikabadilisha. Raila nikaipa njano kwa heshima ya mitungi. Kawangware nikaipa rangi ya chungwa, kwa sababu ilikuwa jirani yake kwenye orodha ya rangi.

Mkenya yeyote anayesoma hapa ameshashika kichwa.

Mwaka 2005 nchi hii ilipiga kura ya maoni kuhusu katiba, Ndizi ikiwa Ndiyo na Chungwa ikiwa Hapana. Chungwa likashinda, likazaa chama, na tangu siku hiyo hakuna anayevaa shati la rangi hiyo kwa bahati mbaya. Njano nayo ilikuja kushikwa na wapinzani wake, watu wa chama cha wilbaro. Kijiji chetu kinaitwa kwa jina la hayati Raila Odinga, kinara wa Chungwa, aliyekuwa mbunge wa Lang'ata tangu 1992 hadi 2013, na kura ya 2022 ilikuwa haijapoa vichwani. Mzee hakuvaa hata miwani.

"Raila umeipaka njano?"

"Mzee, ni mitungi..."

"Na chungwa ukalipeleka Kawangware?"

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Nafikiri alinihurumia, maana alichukua kalamu yake ya bluu akasema, "Kwa nini usiandike kama fomu za serikali? Weka yote mawili, kisha sema: futa isiyohusika. Kila mtu anajua."

Nilimtazama mtu huyu. Makampuni yameuza programu za bei mbaya kutatua jambo hili, na jibu lilikuwa kwenye fomu ya kitambulisho kilichopotea. Kisha akaongeza, "Na Kiswahili chako pia. 'Raila itafungwa saa mbili usiku.' Itafungwa? Raila ni chombo?"

"Ni kioski cha Raila, Mzee. Mahali."

"Raila ni a-." Akaanza kusahihisha, ukurasa kwa ukurasa. Raila atafungwa saa 2 usiku. Raila akikosa maji, piga simu. Raila akivuja, mwite fundi. Mtu ambaye jina lake limo kijijini humu aliwahi kuwekwa kizuizini miaka ya 1980, na mimi nilikuwa karibu kumrudisha kwa herufi moja. Nilipotoka nilikuwa nikifikiri kwamba Kiswahili kimekuwa na alama zake za kutofautisha siku zote, tena hazihitaji wino wa rangi: weka i- ni mahali, weka a- ni mtu, na msomaji anajua kibao kipi kiko kwenye kioo.

Nikafanya alivyosema. Kwenye kila tofauti: "kwa kadi / kwa simu (futa isiyohusika)". "Shilingi 5 / shilingi 3 (futa isiyohusika)". Safari hii nikawatumia kwa simu, kila mmoja afute kwenye nakala yake.

Wakafuta. Wakaguzi watiifu namna hiyo sijawahi kuwapata. Mama na Mzee wakafuta kila kilichohusu Kawangware. Fundi akafuta kila kilichohusu Raila. Ofisini, msaidizi wa bosi akaziunganisha nakala zote na kukubali kila badiliko kwa kubofya mara moja, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa. Waraka wa kurasa tano ukabaki hivi:

"Weka mtungi chini ya mfereji. Lipa. Subiri taa iwake. Usiache mfereji wazi. Asante."

Nilikuwa natunga barua ya kuomba radhi bosi aliponipigia. "Safi sana," akasema. "Mara hii umewaelewa wasomaji wako." Pesa ziliingia kabla ya jioni. Sikuona sababu ya kumsahihisha mtu mwenye furaha.

Tangu siku hiyo mkaguzi wangu simpi sufuria nzima. Nampakulia sahani yake, na kando naweka kikaratasi kinachosema jirani amekula nini. Ile karatasi ya mistari mitano ilibandikwa Raila na Kawangware, moja na ile ile, bila kibao. Bei watu wakawa wanamuuliza Mama, kama walivyofanya siku zote.

Ila hii ya kwetu ilikuwa na nyongeza. Chini ya "Asante", kwa kalamu ya bluu, mtu alikuwa ameandika: "Raila atafungwa saa 2 usiku." Wenyeji walipita bila kugeuka. Mgeni ndiye aliyekuwa akisimama, akasoma mara mbili, akauliza kwa sauti ya chini amekosa nini safari hii.

"Maji yameisha," Mama alimjibu, akasogeza mtungi unaofuata.