Nani Mwenzangu?

Dada, nisalimie wote barazani hapo Ngamiani, na mwambieni Mama asizime simu baada ya sala ya alfajiri, maana riziki yangu imo mle.

Wiki iliyopita kompyuta ilinitaka nijitambulishe mara tisa kabla ya adhuhuri. Nafungua barua pepe za ofisi ya Dar, naambiwa ingia. Naingia. Nachemsha chai, narudi, naambiwa ingia. Kiti kile kile, koti lile lile (mwezi wa saba huku Loresho, Kenya, mtoto wa Tanga analala na soksi, msicheke), naulizwa kama mgeni.

Na neno la siri halitoshi. Hutumwa tarakimu sita kwenye namba yangu ya Tanzania, laini ambayo, kwa ujanja wangu mwenyewe, nilimwachia Mama kwenye kitochi ili nimtumie pesa bila usumbufu. Huku kitochi wanakiita mulika mwizi, na mwizi aliyemulikwa ni mimi. Kila nikishukiwa, napiga Tanga. Tarakimu zinaishi dakika tano. Salamu za Mama mnazijua.

"Nani mwenzangu?" Namba ya Kenya hajaihifadhi mpaka leo. Shikamoo, marahaba, umeamkaje, baridi je, umekula nini, sukuma tena? Nani wa kumkatiza! Tukifika kwenye tarakimu, anatafuta miwani. "Mbili, saba... hii sita au tisa? Ngoja niigeuze simu." Zimeshakufa. Zinakuja nyingine, ananisomea zile zile za kwanza.

Getini nako ni hayo hayo. Niliwaandikia kwamba naishi mtaa wa wakubwa. Ni kweli, ila nipo SQ, kijumba cha mtumishi nyuma ya nyumba ya mkubwa. Kila jioni nikirudi na fungu langu kutoka soko la Kangemi, soja ananiletea daftari: jina, namba ya pasipoti, nyumba gani, saa ngapi. Miezi minane! Na asubuhi tumebishana mpira. Nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Mimi nakujua. Daftari ndilo halikujui."

Hapo nikaielewa kompyuta. Tovuti nayo haina kumbukumbu ya sura, ndiyo maana mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape alibuni kinachoitwa kidakuzi: kikaratasi ambacho tovuti inakuachia, ukirudi unakionyesha, unapita. Sasa mimi, kwa kujifanya mjuzi wa usalama, nilikuwa nasoma barua kwenye dirisha la faragha, ambalo ukilifunga linachoma vikaratasi vyote. Halafu stima ikipotea (huku umeme haukatiki, unapotea kama mbuzi), nahamia bando la simu, anwani ya mtandao inabadilika, na mfumo wa ofisi unaona mtu mwingine karuka ukuta. Miezi yote hiyo nilikuwa najifukuza mwenyewe.

Kijana wa kompyuta wa ofisini alinicheka kwanza, kisha akaniweka sawa. Dirisha la kawaida, na tiki penye "usinitoe", kwa kuwa kompyuta siitumii na mtu. Na kwenye simu yangu programu inayotoa tarakimu yenyewe, mpya kila sekunde 30, hata pasipo na mtandao. Siku nne hakuna aliyeniuliza kitu. Nilikunywa chai ya moto mpaka mwisho wa kikombe, mara ya kwanza tangu nivuke Namanga. Nikanywa ya pili. Nyumba kimya.

Leo asubuhi simu ikalia mara moja, ikakata. Mama kabipu. Kumbe namba ameandikiwa ukutani. Nikapiga.

"Nani mwenzangu?"

Nikakohoa.

"Haya, mwanangu. Mbona namba haziji? Siku nne nimekaa na miwani machoni. Wamekufukuza?"

Dada, mfumo unaruhusu kuchagua pa kutumiwa tarakimu. Nimechagua kitochi, kila siku ya kazi saa tatu asubuhi. Msimwambie kitu.