Bilauri ya Mwaka 1908

Kwa Bibi, Tanga, kuna kabati la vyombo ambalo utotoni tulikatazwa hata kulipumulia. Ndani zimepangwa bilauri sita za wageni, na mgeni mwenyewe awe wa kustahili: mkwe, shehe, au waliokuja kuposa. Sisi wengine vikombe vya bati vilitutosha.

Idi iliyopita nilifika na kioo cha kukuzia, nimeshajipa ubingwa wa vitu vya kale. Nikageuza bilauri ya kwanza, chini nikakuta namba: 42.

"Bibi, hii ya 1942, wakati wa vita!"

Ya pili, 17. Moyo ukaanza kunienda mbio. Ya tatu ilikuwa na 8 peke yake, yaani 1908, enzi za Mjerumani! Nikampigia rafiki yangu wa Dar atafute mnunuzi. Kabla simu haijakatika tulishagombana kuhusu mgawo.

Kuzunguka namba kulikuwa na maandishi yaliyozibwa na ukoga. Nikachukua mchanga na kumbi la nazi, nikazisugua zote asubuhi nzima, ndani na nje. Likatokea jina: Duralex, la Ufaransa.

Hapo ndipo nilipokaa kitako kusoma, jambo ambalo bingwa mwingine angelianza nalo. Jina hilo lilizaliwa 1945, kutokana na msemo wa Kilatini, dura lex, sed lex: sheria ni ngumu, lakini ndiyo sheria. Umbo lenyewe, lile la mbavu tisa liitwalo Picardie, likaja 1954. Kwa hiyo bilauri yangu ya 1908 ilimtangulia mama yake kwa miaka 37. Namba ni ya kalibu tu. Watoto wa shule Ufaransa hutaniana nayo wakati wa chakula: utakayoikuta chini ya bilauri yako ndiyo umri wako.

Bibi akachungulia ya kwake. "Basi mimi nina minane. Sasa nani aliyeniozesha?"

Ningeishia hapo tungekula pilau kwa amani. Lakini nilikuwa nimesoma pia kwamba kioo hicho huchomwa kikaiva hasa, kisha hupozwa ghafla kwa hewa, ndipo kinapopata nguvu zaidi ya mara mbili ya kioo cha kawaida. Sentensi iliyofuata, ya kwamba mikwaruzo huimaliza nguvu hiyo, niliiruka. Nikainua ile ya 17 usawa wa kiuno, nikaiachia juu ya saruji, Bibi apate kushangaa.

Ililia kama fataki. Vipande hamna, chembe tupu, kama chumvi ya mawe, hadi uvunguni mwa kitanda.

Bibi hakupaza sauti. Alishika ufagio, akaniuliza, "Hiyo ilikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na saba, Bibi."

"Inna lillahi," akasema. "Kafa bado kijana."