Hillbilly Elegy: Yaliyoniudhi, Kuanzia Dogo Hadi Kubwa

Ron Howard ndiye mwongozaji aliyetupa filamu ya Apollo 13. Mwaka 2020 akageuza kumbukumbu za J.D. Vance kuwa filamu ya Netflix: familia yenye asili ya milima ya Kentucky, imehamia Middletown, Ohio, na haipitishi siku bila ugomvi. Niliingojea kwa hamu. Haya, tuhesabu.

5. Uma. J.D., mwanafunzi wa sheria Yale, anaalikwa kwenye karamu ya mawakili, anaona uma tele mezani, anatoka mbio kumpigia simu mchumba wake amfundishe. Vizazi vya dhiki, halafu adui mkubwa ni uma!

4. Muziki wa Hans Zimmer na David Fleming. Unalia kabla yetu. Jamani, tuachieni machozi yetu.

3. Mara 1997, mara 2011, mara 1997 tena. Ugomvi ukikolea tu, tunahamishwa. Hata jirani mmbea angetuacha tusikilize hadi mwisho.

2. Bev, mama yake J.D. Huyu ndiye aliyeniuma. Ni muuguzi aliyetekwa na dawa za kulevya, na siku moja anamwomba mwanawe mkojo safi ili apite kipimo kazini. Mama anamwomba mtoto mkojo! Hapo pana msiba wa kujaza filamu nzima. Lakini Amy Adams, anayemwigiza, anapewa kupiga mayowe, kulia, kisha mayowe tena. Dawa zilimfikaje? Mji uliojengwa na kiwanda cha chuma ulikwama wapi? Filamu haiulizi, inaongeza sauti tu.

1. Kumpata Glenn Close na kumtumia nusu. Akiwa Mamaw, bibi yake J.D. mwenye miwani mipana, sigara na ulimi wa wembe, aliteuliwa kuwania Oscar na pia Razzie, tuzo ya kazi mbovu, kwa uigizaji uleule. Mimi niko upande wa Oscar. Tazama pale anapoletewa chakula cha msaada kwa wazee: J.D. anamsikia akiomba nyongeza, kisha anamwona akikigawa katika sahani mbili. Hakuna hotuba. Kijana anaelewa, nasi tunaelewa. Filamu nzuri ilikuwa pale pale mezani, na Howard akaipita.

Mtazame Mamaw, anastahili. Ila ukitaka familia yenye nyufa iliyosimuliwa kwa heshima, tafuta Shoplifters ya Hirokazu Kore-eda, ya mwaka 2018.