Heko kwa Choa cha Mwembe

Ikishatangazwa kwamba mgeni rasmi anakuja, kazi ya kwanza katika shule na ofisi nyingi za Afrika Mashariki ni kukoroga chokaa. Hupakwa mawe ya kando ya njia, na mawe yakiisha hugeukiwa miti, kuanzia shinani hadi usawa wa kifua, mpaka mwembe uliokuwapo kabla ya ofisi yenyewe kujengwa unasimama kama mwanafunzi aliyevalishwa soksi mpya. Mwenye kutetea chokaa atasema inazuia mchwa na kupunguza makali ya jua. Na iwe hivyo. Ila anayeshika brashi hafikirii mchwa. Anafikiria yale madoa ya kijivu, ya kijani iliyopauka na ya rangi ya chungwa yaliyotapakaa kwenye gome, ambayo kwa jicho la haraka hayana tofauti na choa kichwani mwa mtoto. Mti unaonekana mgonjwa, tena mchafu, na mgeni rasmi hapaswi kuona ugonjwa wala uchafu. Makala haya yanamtetea mshtakiwa huyo anayezikwa chini ya chokaa bila kusikilizwa, na hayaishii kumwombea msamaha. Yanadai kwamba katika kiwanja kizima, ukihesabu jukwaa, bendera na hotuba, yeye ndiye anayestahili kupigiwa makofi.

Dharau hii si yetu peke yetu. Wagiriki wa kale walikiita kitu hiki kwa neno lile lile walilotumia kwa upele wa ngozi, na madaktari hadi leo wana maradhi ya ngozi yanayobeba jina hilo. Kiswahili cha vitabuni kimekitendea haki zaidi: kuvumwani, yaani kuvu na mwani katika neno moja, na ndani ya neno hilo mna habari ambayo wataalamu wa Ulaya waliigombania kwa miaka mingi. Mwaka 1867 Mswisi Simon Schwendener alipoeleza kwamba huu si mmea mmoja bali ni viumbe wawili walioshikamana, kuvu akiwa bwana na mwani akiwa mtumwa wake, mabingwa wa fani hiyo walichukia kana kwamba wametukaniwa wazazi. Baadaye lugha ikalainika, ikaitwa ndoa: kuvu hujenga nyumba, huiezeka na kutunza unyevu; mwani hukaa jikoni akipika sukari kwa mwanga wa jua; wote hula chungu kimoja. Kisha mwaka 2016 Toby Spribille na wenzake wakaonyesha kwamba katika tabaka la nje la kuvumwani nyingi anaishi kuvu mwingine wa jamii ya hamira. Majirani walioisifu ndoa hiyo kwa karibu miaka 150 wakagundua kuwa muda wote nyumbani mlikuwa na mtu wa tatu. Nani anamfaidi nani, bado wanabishana. Nyumba imesimama.

Shtaka kubwa dhidi ya kuvumwani ni uuaji. Mkulima wa michungwa au kahawa atamwonyesha mtetezi tawi lililokauka, limefunikwa kuanzia ncha hadi shina, na kuuliza ushahidi gani tena unatakiwa. Kikulacho, atakumbusha, ki nguoni mwako. Methali ni ya kweli, ila nguoni hamna vilao tu. Hata vifungo vimo. Kuvumwani haina mizizi inayofika kwenye mishipa ya mti. Vile vinyweleo vya chini yake ni vishikizo tu, na hata zile nyuzi za kuvu zinazojipenyeza hukomea katika tabaka la nje la gome, ambalo limekwisha kufa zamani. Chakula inajipikia, maji na madini huyapata kwa mvua, umande na vumbi. Tawi lililokauka imelijaza kwa sababu limepukutisha majani na mwanga ukaingia, na mti uliodumaa kwa uzee au njaa haubanduki magome upesi, hivyo wapangaji wanapata muda wa kutulia. Ndiyo maana mkaratusi na mpera, ambayo hujivua magome kila mara, huonekana misafi: si kwamba ina afya kupita mwembe, ni kwamba haikai na mtu. Kuikuta kuvumwani penye kifo na kuiita muuaji ni sawa na kuwakamata wote waliokaa matangani.

Mkulima hatanyamaza. Atasema alipopulizia dawa ya mrututu, madoa yalikauka na mti ukanawiri. Bila shaka. Shaba iliyomo katika mrututu huua kuvu wa kila namna, yule anayekula majani na yule asiyemgusa mtu. Mti ulipona maradhi ya majani, na jirani akauawa katika msako huo huo. Kwa upande mwingine, mtetezi mwaminifu hafichi kwamba ukoo huu una mhalifu mmoja wa kweli. Mwani aitwaye Cephaleuros, anayeleta kutu nyekundu kwenye majani ya chai, mpera na mwembe, huweza kuvamiwa na kuvu wa Strigula, na wawili hao wakawa kuvumwani inayokaa ndani ya ngozi ya jani lililo hai. Lakini huyo ni wa majani, si wa gome, tena mwani huyo alikuwa mwizi kabla hajaolewa. Waliobaki ni wageni wasiohitaji kukumbushwa ile ya siku ya tatu mpe jembe, kwa kuwa baadhi yao wamekuja na jembe lao: kuvumwani zinazoishi na bakteria wa Nostoc hunasa naitrojeni ya hewani, na zikidondoka na kuoza huacha mbolea hiyo chini ya mti.

Hadi hapa mshtakiwa ameachiwa huru tu, na kuachiwa huru si kusifiwa. Sifa yake inaanza pale tunapouliza kwa nini baadhi ya miti haina doa hata moja. Kuvumwani haina ngozi ya nta kama jani, wala haina mlango wa kufunga. Kila kilichomo hewani na katika mvua kinaingia, kizuri na kibaya, na kikiwa kibaya inakufa. Mwaka 1866 Mfini William Nylander aliorodhesha kuvumwani za miti ya bustani ya Luxembourg mjini Paris, akaeleza kwamba kuwapo kwake ni kipimo cha hewa, kwani katika sehemu nyingine za jiji zilikuwa zimetoweka. Miaka 30 baadaye za bustani hiyo nazo zilikuwa zimekwenda, na moshi wa makaa ya mawe ndio uliozifukuza. (Nylander huyo huyo alikataa hadi kufa kuikubali ndoa ya kuvu na mwani, mtu anaweza kumwamini shahidi na bado akakosea ukoo wake.) Mwaka 1970 David Hawksworth na Francis Rose walichapisha kipimo chenye ngazi kuanzia 0 hadi 10 kwa ajili ya Uingereza na Wales: ukitazama ni kuvumwani zipi zimo kwenye gome, unakadiria kiasi cha dioksidi ya salfa hewani. Ngazi ya 0, yenye hewa mbaya kuliko zote, ndiyo ya shina lisilo na kitu. Hebu mwenye brashi alifikirie hilo. Shina jeupe, safi, lisilo na doa, lile analolihangaikia asubuhi nzima, ndilo picha kamili ya mti unaovuta sumu.

Hapa mpinzani makini zaidi anainuka, na hoja yake ina uzito. Anasema: basi kila mti wenye madoa unathibitisha hewa safi? Hapana. Lecanora conizaeoides, ukoko wa kijivu-kijani usiovutia, ilistawi Uingereza katika moshi ule ule uliowaua wenzake; viwanda vilipopunguza salfa, wengine walirudi London na yeye akaanza kuadimika. Xanthoria parietina, yenye rangi ya chungwa bivu, hufurahia amonia ya mazizi. Kwa hiyo kuna mashahidi wanaosema hewa ni njema, na kuna wanaosema tu kwamba uovu uliopo ni wa aina waipendayo. Lakini hoja hii haimwangushi mshtakiwa. Inamwangusha yule anayeyaita yote madoa. Shahidi hasikilizwi kabla hajataja jina lake, na kazi ya kulitafuta jina hilo, inayoonekana kama kupoteza muda kwa kukodolea uchafu, ndiyo inayougeuza uchafu kuwa ushahidi.

Kazi yenyewe haihitaji jengo wala mfadhili. Lenzi ndogo ya kukuza mara 10 inatosha kuanzia. Kwanza ni umbo. Kuna ukoko, uliogandamana na gome kama ukoko wa wali na sufuria, usioweza kubanduliwa bila kuondoka na gome. Kuna zenye majani, zinazoinuka kingo. Na kuna ndevu, zinazoning'inia. Ndevu za misitu ya mawingu ya Kilimanjaro au Uluguru, za jenasi ya Usnea, hujitambulisha kwa kuvutwa polepole: ganda la nje hukatika na ndani hubaki uzi mweupe unaonyumbuka. Katika ukoko, Graphis hupasua uso wake kwa mistari myeusi iliyopindapinda hata ukadhani mtu ameandika barua kwa haraka na kuifuta. Kisha ni namna ya kuzaa: kama kuna visahani vya mbegu, au unga unaopukutika, au vijiti vidogo kama vipele. Chukua Parmotrema tinctorum, inayopatikana kwenye magome ya nchi nyingi za joto: majani mapana ya kijivu yaliyokunjamana kama masikio, vijiti vimejaa katikati, chini ni nyeusi isipokuwa ukingo wa kahawia usio na vinyweleo. Kwaruza ngozi ya juu hadi kwenye nyama nyeupe, dondoshea tone la dawa ya kung'arishia nguo, na nyama hiyo inageuka nyekundu. Dawa ile ile ya kufutia madoa nguoni ndiyo inayolifanya doa hili liseme. Mbinu hiyo ya matone nayo ni deni letu kwa Nylander, na waliotuandikia kitabu cha kuvumwani kubwa za Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 1988, ni Mnorwe Hildur Krog na Mwingereza T. D. V. Swinscow, ambaye riziki yake ilikuwa kuhariri jarida la madaktari. Mtu aliyezoea kuhariri habari za maradhi ya watu alijua hii ni ngozi ya namna nyingine.

Amebaki mpinzani wa mwisho, yule wa kila zama: inaleta pesa gani? Ilileta. Karne ya 19, pamoja na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi, bandari ya Zanzibar ilisafirisha kuvumwani za Roccella zilizobanduliwa kwenye miti na miamba ya pwani hii, kwenda viwanda vya rangi vya Ulaya. Siri ya rangi hiyo ni amonia, na kwa karne nyingi amonia ilipatikana kwa kuloweka mzigo katika mkojo uliochacha. Kutoka humo ilitoka zambarau ya hariri na sufu za wenye nafasi. Yaani heshima ya sebuleni ilianzia kwenye choa cha mti na ndoo ya chooni, na bado haikudumu, maana rangi hiyo hupauka juani. Mwaka 1856 William Henry Perkin alipata zambarau kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe, na soko likaanza kufa. Mabaki yake yamo maabarani: litmasi hutengenezwa kwa kuvumwani hizo hizo, na kila aliyesoma kemia sekondari akachovya karatasi akaiona ikibadilika kuwa nyekundu au buluu, alishika mkononi kile anachoagizwa kukipaka chokaa. Na kama hadhi hupimwa kwa majina ya wakubwa, iko Caloplaca obamae, iliyotangazwa mwaka 2009 kwa heshima ya Barack Obama. Hiyo hukaa udongoni kisiwani California, lakini ukoo ni ukoo.

"Hata hivyo haipendezi," atanong'ona mwenye brashi. Hilo nalo lina wakati wake. Ikiwa kavu, kuvumwani hujifunga na kupauka kama majivu, na ukoko mwingi hukua kwa milimita moja au pungufu kwa mwaka, kwa hiyo duara la upana wa kiganja laweza kuwa lilianza kabla mgeni rasmi hajaingia darasa la kwanza. Ikilowa, ngozi yake ya juu huwa ang'avu na mwani aliye ndani akaonekana. Mvua ikinyesha siku ya sherehe, watu hukimbilia turubai, chokaa huchuruzika kutoka shinani na kutuama kama maziwa yaliyomwagika, na juu ya mstari ambao brashi haikuufikia gome lote la mwembe linageuka kijani.