Namna ya Kukikaribisha Kirusi kwenye Kompyuta Yako

Kirusi hakivunji mlango. Kinasubiri mwenyeji mkarimu, nawe ukitaka kuwa mkarimu, anza na flashi.

Nenda steshenari yenye foleni, chomeka flashi kwenye kompyuta iliyokwisha kupokea flashi za mtaa mzima, printi barua yako, kisha ukifika nyumbani ichomeke kwenye laptopu. Utaona folda zako zote zipo, ila kila moja ina kimshale kidogo pembeni na uzito wa kilobaiti chache tu. Hizo ni njia za mkato. Folda zenyewe zimefichwa. Bofya hapo hapo. Folda itafunguka kama kawaida, na kirusi nacho kitaanza kazi. Asiyetaka mgeni asibofye: aiamuru Windows ionyeshe mafaili yaliyofichwa, aipitishie flashi antivirusi, anakili yaliyo yake, ndipo aifomati. Wapo wanaofomati kwanza kwa hofu, na tasnifu ya mwaka mzima inafutika ilhali ilikuwa mle mle ndani. Inauma sana.

Programu tafuta iliyochakachuliwa. Ikikuambia uzime antivirusi kwanza, tii.

Kiambatisho usichokitarajia kifungue upesi. Mei 2000 kirusi kilichotoka Ufilipino kilisambaa duniani kwa sura ya barua ya mapenzi. Faili lilionekana linaishia TXT, maandishi matupu, kwa kuwa Windows ilificha herufi tatu za mwisho, VBS, ambazo zingekuonyesha kuwa ile ni programu.

Masasisho nayo yaahirishe kila yanapokuomba. Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja la Windows tarehe 14 Machi 2017. Tarehe 12 Mei, kirusi kiitwacho WannaCry kikapita kwenye tundu lile lile, kikafunga mafaili katika nchi zaidi ya 150 na kudai dola 300 kwa bitcoin. Hapa mzaha unanishinda. Hospitali za Uingereza zilifuta miadi ya wagonjwa, hata upasuaji, na dawa ya ugonjwa huo ilikuwa imetolewa bure karibu miezi miwili kabla.

Nakala za akiba usiweke. Ukiweka, diski yake iache imechomekwa usiku na mchana, ili kirusi kikifunga mafaili kiifunge nayo. Iliyochomolewa ikakaa kabatini hakiifikii, na mwenye nayo hana sababu ya kumlipa mtu.